Oda imelipiwa, Ghala haina habari: turekebishe wapi?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka jana tuliugawa mfumo wetu wa mauzo katika huduma nne: Oda, Malipo, Ghala na Taarifa. Kila moja ina hifadhidata yake ya PostgreSQL, na zinatumiana ujumbe kupitia RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuupanga foleni hadi huduma nyingine iuchukue. Sasa tuna matatizo mawili yasiyoisha. Kwanza, baadhi ya oda zinalipiwa, Malipo inaandika rekodi vizuri, lakini Ghala haipati ujumbe wowote. Pili, wateja wachache wamekatwa pesa mara mbili kwa oda ileile. Nusu ya timu inataka tuhamie Kafka, mfumo mwingine wa kusafirisha ujumbe, kwa kuwa wamesoma kwamba huko kila ujumbe unafika mara moja tu. Nusu nyingine inataka turudi kwenye mfumo mmoja kama zamani. Tuanzie wapi, na ni mitindo ipi ya usanifu inayotufaa?

Jibu

Ndugu yangu, msihamie Kafka kwa sababu hizo. Mtahama na matatizo yote mawili, na juu yake mtakuwa na chombo kigeni cha kujifunza huku wateja wakiendelea kulalamika. Sidhani kama broka yenu, yaani RabbitMQ, imekosea. Ujumbe mnaoutafuta Ghala huenda haukuwahi kufika RabbitMQ, na pesa zilikatwa mara mbili na msimbo ulioamini kwamba kila ujumbe unaoingia ni mpya. Kasoro zote mbili ziko mipakani: pale hifadhidata inapokutana na broka, na pale broka inapokutana na hifadhidata ya upande wa pili au na kampuni ya nje ya malipo. Nitakaa sana kwenye mipaka hiyo, maana hapo ndipo mifumo ya namna hii inapovuja.

Tuanze na ujumbe unaopotea. Sijauona msimbo wenu, lakini bila shaka Malipo inafanya hivi: inaandika rekodi kwenye PostgreSQL, muamala (kundi la maandishi yanayoingia yote au yasiingie kabisa) unathibitishwa, kisha mstari unaofuata wa msimbo unachapisha ujumbe wa MalipoYamekamilika. Kati ya hatua hizo mbili kuna pengo. Ni la milisekunde chache tu, lakini kila oda hupita hapo. Siku moja seva itazimwa katikati ya pengo hilo, au kontena litauawa kwa kukosa kumbukumbu, au muunganisho na RabbitMQ utakatika, au mmoja wenu atapandisha toleo jipya wakati kazi inaendelea. Rekodi itakuwepo, ujumbe hautakuwepo, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba Malipo inadaiwa ujumbe.

Wengi wakigundua hili hugeuza mpangilio, wakatuma ujumbe kwanza na kuandika rekodi baadaye. Hapo Ghala itatoa mzigo kwa malipo ambayo muamala wake ulikataliwa sekunde hiyohiyo. Wengine huchapisha ndani ya muamala kabla haujathibitishwa. Hilo ni kosa lilelile, tena lina adha ya ziada: mpokeaji mwenye kasi anaweza kuulizia rekodi ambayo bado haionekani kwa mtu mwingine yeyote. Kuongeza msimbo wa kukamata makosa hakusaidii, kwa sababu mchakato uliokufa haukamati chochote.

Lipo jibu la kale, uthibitishaji wa awamu mbili, ambao Jim Gray aliueleza mwaka 1978. Mratibu huuliza kila upande kama uko tayari, wote wakikubali anatoa amri ya kuthibitisha. Ubaya wake ni kwamba mratibu akifa baada ya pande kusema ziko tayari, kufuli zinazozuia wengine kugusa rekodi hizo zinabaki zimefungwa hadi arudi, na kazi nyingine zinapanga foleni nyuma yake. Kwenu mjadala huo unaisha mapema zaidi, maana RabbitMQ haishiriki miamala ya namna hiyo pamoja na hifadhidata.

Kinachofaa ni kuacha kuandika sehemu mbili. Ndani ya hifadhidata ya Malipo, tengenezeni jedwali la jumbe zinazosubiri kutumwa. Wengi huuita mtindo huu sanduku la kutoka. Muamala uleule unaoandika rekodi ya malipo unaandika pia mstari katika jedwali hilo: kitambulisho cha ujumbe, aina ya tukio, namba ya oda, maudhui, na muda ulipoandikwa. Ama vyote viwili vinaingia, ama hakuna kinachoingia. Kisha mchakato mwingine, tuuite tarishi, unasoma jedwali, unapeleka ujumbe kwa broka, na unaweka alama kwamba umetumwa. Seva ikizimika wakati wowote, deni limeandikwa. Tarishi akiamka atalikuta.

Hadi hapo maelezo haya utayakuta kila mahali. Yasiyosemwa sana ni mitego iliyo ndani ya tarishi mwenyewe, na mmoja wake unarudisha tatizo lenu lilelile la ujumbe uliopotea.

Mtego wenyewe ni huu. Mwandishi wa tarishi hukumbuka namba ya mwisho aliyoituma, kisha huomba mistari yote yenye namba kubwa kuliko hiyo. Inaonekana sawa kabisa. Lakini PostgreSQL hutoa namba ya mfuatano pale muamala unapoiomba. Haisubiri muamala uthibitishwe. Muamala wa kwanza unachukua namba 100 na kuchelewa kidogo kwa kazi nyingine. Wa pili unachukua 101 na kuthibitishwa haraka. Tarishi anasoma, anaiona 101, anaituma, anaandika kwamba amefika 101. Sasa muamala wa kwanza unathibitishwa na mstari wa 100 unajitokeza, lakini hakuna atakayeutazama tena. Kwenye majaribio yenye mzigo mdogo hutauona mtego huu hata mara moja. Utakuja kuuona siku ya mauzo makubwa.

Kwa hiyo msikumbuke namba ya mwisho. Weka alama kwenye kila mstari uliotumwa, na kila mara uombe mistari isiyo na alama. Mkihitaji matarishi zaidi ya mmoja, maneno FOR UPDATE SKIP LOCKED, yaliyoingia PostgreSQL toleo la 9.5, yanamwezesha kila mmoja kuchukua mistari ambayo mwenzake hajaishika. Ila matarishi wawili wanaweza kugeuza mpangilio wa jumbe za oda moja, kwa hiyo anzeni na mmoja. Mmoja anabeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa akichukua mistari mia moja kwa mkupuo.

Njia ya pili ni kusoma logi ya hifadhidata yenyewe, yaani daftari lake la kila badiliko, badala ya kuchungulia jedwali kila baada ya muda. Zana kama Debezium hufanya hivyo, na hupata mabadiliko kwa mpangilio wa kuthibitishwa kwa miamala, hivyo mtego wa namba haupo. Lakini ina gharama yake: PostgreSQL haifuti logi ambayo msomaji huyo hajaithibitisha. Akisimama bila mtu kujua, diski inajaa na hifadhidata nzima inasimama. Tangu toleo la 13 kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaoweka kikomo, na kikomo hicho nacho kikifikiwa msomaji anapoteza mahali alipokuwa. Kwa timu ya ukubwa wenu ningechukua tarishi wa kawaida.

Upande wa RabbitMQ kuna mambo matatu tarishi lazima ayazingatie, na la tatu huwaponyoka hata wazoefu. La kwanza, foleni ziwe za kudumu na jumbe ziwe za kuhifadhiwa diskini. Mkiweza tumieni foleni za koramu, zilizoletwa na toleo la 3.8, ambazo hunakili ujumbe kwenye nodi (seva za broka) kadhaa kwa algorithimu ya Raft, inayozifanya nodi zikubaliane. La pili, tarishi asubiri uthibitisho wa broka kabla ya kuweka alama ya kutumwa. Kuandika kwenye soketi (mlango wa mtandao) bila kosa si ushahidi kwamba ujumbe umehifadhiwa. La tatu, ujumbe usio na foleni ya kuupokea hutupwa kimyakimya, na broka bado hutoa uthibitisho, kwa sababu kwa upande wake imemaliza kazi. Mtu akikosea jina la njia au foleni ikifutwa, tarishi ataweka alama kwa furaha huku jumbe zikimwagika. Washa alama ya mandatory wakati wa kuchapisha, ili ujumbe usio na pa kwenda urudishwe, na tarishi auhesabu kama haujatumwa.

Sasa tuje kwenye pesa zilizokatwa mara mbili. Ni tatizo zito kuliko la kwanza, na sanduku la kutoka peke yake litalizidisha. Fikiria: tarishi anatuma ujumbe, broka inathibitisha, kisha tarishi anakufa kabla ya kuweka alama. Akiamka atautuma tena. Hakuna namna ya kuondoa hali hiyo. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walieleza tatizo ambalo leo linajulikana kama la majenerali wawili: pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kufikia uhakika wa pamoja, hata zikithibitishiana mara ngapi, kwa sababu uthibitisho wa mwisho nao unaweza kupotea. Unachagua kosa lipi unaliweza: kupoteza ujumbe au kuurudia. Kwenye biashara ya pesa na mizigo tunachagua kurudia, kisha tunamfanya mpokeaji asidhurike na marudio.

Marudio hayatoki kwa tarishi tu. Muunganisho ukikatika kati ya mpokeaji na RabbitMQ, jumbe zote ambazo hazijathibitishwa hurudi kwenye foleni na kupewa mwingine, hata kama yule wa kwanza alikuwa amebakiza hatua ya mwisho. Ndivyo ninavyodhani wateja wenu walivyokatwa mara mbili. Malipo ilipokea ujumbe, ikatuma ombi kwa kampuni ya malipo, kampuni ikakata pesa, jibu likachelewa, muunganisho ukaanguka, ujumbe ukarudi foleni, na nakala nyingine ya Malipo ikaanza upya kwa nia njema kabisa.

Kwa Ghala na Taarifa dawa ni rahisi. Kila mpokeaji ana jedwali la jumbe alizokwisha kuzifanyia kazi, lenye kizuizi cha upekee (kinachokataa kitu kilekile kuingia mara mbili) juu ya kitambulisho cha ujumbe na jina la mpokeaji. Kuandika humo kufanyike ndani ya muamala uleule unaofanya kazi yenyewe:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO jumbe_zilizopokelewa (ujumbe_id, mpokeaji)
VALUES ($1, 'ghala')
ON CONFLICT DO NOTHING;
-- ikiwa hakuna mstari ulioingia, ujumbe ulishafanyiwa kazi: ishia hapa
UPDATE bidhaa SET zilizotengwa = zilizotengwa + $2 WHERE id = $3;
COMMIT;
```

Muamala ukishathibitishwa ndipo mpokeaji aiambie broka kwamba amepokea. Mpangilio huu una maana yake. Ukithibitisha kwa broka kwanza halafu mchakato ukafa, umepoteza ujumbe. Ukifa baada ya COMMIT (amri ya kuthibitisha muamala) kabla ya kuiambia broka, ujumbe utarudi, INSERT haitaingiza kitu, na hakuna kitakachoharibika.

Kuna namna tatu za kuharibu mtindo huu, na zote zinafanana na ule sahihi ukitazama haraka. Ya kwanza ni kuuliza kwanza kwa SELECT kama ujumbe umo, kisha kufanya kazi: wapokeaji wawili wanaweza kuuliza kwa pamoja na wote wakajibiwa haumo. Acha kizuizi cha upekee kiamue. INSERT ya pili itasubiri ya kwanza imalizike, kisha itajua. Ya pili ni kuweka orodha ya vitambulisho kwenye Redis, hifadhi nyingine inayotunza data kwenye kumbukumbu, kwa sababu ni ya haraka, wakati kazi iko PostgreSQL. Hapo umeshaanza tena kuandika sehemu mbili, na pengo limerudi. Ya tatu ni tarishi kuzalisha kitambulisho kipya kila anapotuma. Kitambulisho kizaliwe mara moja tu, ndani ya muamala wa mwanzo, na kisibadilike kamwe. Jedwali hilo mtalisafisha baada ya muda, lakini muda huo uzidi siku zote ambazo ujumbe unaweza kukwama kwenye foleni yoyote, ikiwemo ile ya jumbe zilizoshindikana.

Malipo ina ugumu wake, kwa sababu kampuni ya nje haimo ndani ya muamala wenu. Hakuna COMMIT itakayofunga hifadhidata yenu na benki ya mtu kwa pamoja. Hapa mnahitaji ufunguo wa marudio: neno la kipekee mnalolituma pamoja na ombi la kukata pesa, na kampuni inaahidi kwamba maombi mawili yenye ufunguo mmoja yatakata mara moja. Stripe, kwa mfano, hupokea ufunguo huo kwenye kichwa cha ombi kiitwacho Idempotency-Key. Andika ufunguo kwenye hifadhidata yako na uthibitishe muamala kabla ya kupiga simu ya mtandao. Mchakato ukifa, anayekuja baada yake anaukuta na kutumia uleule. Nimeona timu zikizalisha ufunguo mpya ndani ya kitanzi cha kujaribu tena. Ufunguo wa namna hiyo haulindi chochote. Na soma nyaraka za kampuni yenu mjue ufunguo unakumbukwa kwa muda gani, kwa sababu haukumbukwi milele.

Pamoja na ufunguo, badilisheni hali za malipo. Timu nyingi zina hali mbili, yamefaulu na yameshindwa, na muda wa kusubiri ukiisha wanaandika yameshindwa. Huo ni uongo. Muda ukiisha hujui kilichotokea; huenda pesa zimeshakatwa na jibu ndilo lililopotea njiani. Ongezeni hali ya tatu, haijulikani, na kazi ya nyuma inayoiuliza kampuni kwa ufunguo uleule mpaka ipate jibu. Oda iliyo katika hali hiyo haitolewi mzigo, na mteja haambiwi ajaribu tena kwa kadi nyingine. Kama mtafanya jambo moja tu katika yote niliyoandika, ningependa liwe hili, kwa sababu linagusa pesa za mtu aliyewaamini.

Sasa mtaona kwa nini Kafka haiwatibu. Uwezo wa mara moja tu ulioingia Kafka 0.11 mwaka 2017 ni wa kweli, na ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini mipaka yake ni Kafka yenyewe: kusoma kutoka topiki (mkondo wa jumbe), kuchakata, na kuandika kwenye topiki nyingine pamoja na ofseti (alama ya mahali msomaji alipofikia), vyote kwa muamala mmoja. Ukipiga simu kwa kampuni ya malipo katikati, au ukiandika PostgreSQL, umeshatoka nje ya uzio huo. Tena Kafka ina njia zake za kurudia: kwa mpangilio wa kawaida, mpokeaji akikaa dakika 5 bila kuomba jumbe nyingine huondolewa kwenye kikundi, na kazi yake anapewa mwenzake. Sababu nzuri za kuichukua zipo. Ukitaka kusoma upya matukio ya siku zilizopita, ukiwa na wasomaji wengi wa mkondo mmoja, au ukihitaji mpangilio thabiti kwa kila oda ndani ya patisheni moja (kipande cha topiki), Kafka itakufaa sana. Siku mtakapokuwa na hitaji hilo mtahama kwa amani, na sanduku la kutoka na jedwali la wapokeaji mtahama nayo yote.

Mkishatuliza mipaka, swali linalofuata ni nani anaiongoza oda kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walipendekeza mtindo walioupa jina la saga: muamala mrefu unavunjwa kuwa miamala mifupi, na kila mmoja una kitendo cha kuufidia endapo hatua ya mbele itashindikana. Kwenu ni: tenga bidhaa, kata pesa, toa mzigo. Pesa zikikataliwa, achilia bidhaa zilizotengwa.

Inaweza kujengwa kwa namna mbili. Kila huduma isikilize matukio ya wenzake na kuchukua hatua yake, au awepo mratibu mmoja anayetoa amri na kungoja majibu. Namna ya kwanza inavutia kwa sababu hakuna anayemtegemea mwenzake waziwazi, lakini hatua zikizidi mbili hakuna hata mmoja katika timu anayeweza kukwambia oda fulani imefika wapi bila kufungua logi za huduma zote. Mimi huchagua mratibu, na kwenu angekaa ndani ya Oda, akiwa na jedwali linaloonyesha kila oda iko hatua gani na inangoja nini tangu lini. Swali la mteja linajibiwa kwa kuangalia mstari mmoja.

Pangeni hatua kwa kutazama kipi kinafidika. Kutenga bidhaa kunafutika bila mtu kujua. Kurudisha pesa kunawezekana lakini kunaacha alama kwenye akaunti ya mteja na huchukua muda. Mzigo uliokwisha kuondoka haurudi kwa amri ya programu. Kwa hiyo kinachofutika kirahisi kitangulie, kisichorudi kije mwisho. Kufidia kwenyewe hakuruhusiwi kukata tamaa: kujaribiwe tena na tena mpaka kufaulu au mpaka binadamu aitwe.

Kuna hali moja ya ajabu ambayo lazima Ghala ijiandae nayo. Amri ya kuachilia bidhaa inaweza kufika kabla ya amri ya kuzitenga, kwa sababu ile ya kutenga ilikwama ikarudishwa foleni. Mpokeaji wa kawaida atasema hakuna cha kuachilia, atapuuza, kisha amri ya kutenga itaingia na bidhaa zitabaki zimefungwa kwa oda iliyokufa. Ghala ikipokea amri ya kuachilia isiyoijua, iandike kwamba oda hiyo imeghairiwa, na amri ya kutenga ikija baadaye ikute maandishi hayo na ikatae.

Kuhusu kujaribu tena, nitakwenda haraka. Jaribu tena mahali pamoja tu. Huduma tatu zinazoitana, kila moja ikijaribu mara 3, zinageuza ombi moja kuwa maombi 27 kwa yule wa mwisho, tena wakati ambapo ameelemewa. Ongeza muda kati ya majaribio maradufu kila mara na uchanganye na bahati nasibu kidogo, ili wapokeaji wote wasirudi kwa sekunde moja. Tenganisha kosa la kupita, kama mtandao kukatika, na kosa la kudumu, kama namba ya bidhaa isiyokuwepo. La pili liende moja kwa moja kwenye foleni ya jumbe zilizoshindikana. Foleni hiyo iwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina, na kengele ilie ujumbe wa kwanza tu unapoingia. Angalieni pia kwamba tangu RabbitMQ 4.0 foleni za koramu zina kikomo cha kawaida cha kurudishwa mara 20, na ujumbe unaozidi hapo, kama hamjaweka foleni ya walioshindikana, hutupwa. Sakiti breka kwenye simu za kampuni ya malipo ni ya lazima: ikishindwa mfululizo, acha kuipigia kwa muda, na oda zingoje foleni badala ya kufa.

Vipimo viwili vinatosha kuanzia. Umri wa mstari mkongwe zaidi ambao tarishi hajautuma, na umri wa ujumbe mkongwe zaidi katika kila foleni. Nasema umri, kwa sababu idadi hudanganya: jumbe elfu kumi zinazokwenda kwa kasi ni hali njema, na jumbe tatu zilizokaa saa nzima ni ajali. Kwenye kila ujumbe wekeni kitambulisho cha ufuatiliaji kinachosafiri kutoka Oda mpaka Taarifa, na kila logi ikiandike.

Wale wanaotaka mrudi kwenye mfumo mmoja msiwapuuze. Muamala mmoja ndani ya hifadhidata moja una nguvu kuliko mitindo yote niliyoitaja, na kila mpaka mnaouweka unawadai tarishi, jedwali la marudio na mtu wa kuamka usiku. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mifumo hufuata umbo la mawasiliano ya waliojenga. Kama Oda na Ghala zinajengwa na watu walewale, zinabadilika kila mara kwa pamoja, na haziwezi kupandishwa toleo moja bila nyingine, ziunganisheni leo bila aibu. Malipo ningeiacha peke yake, kwa sababu ina usalama wake, kasi yake na mahusiano na kampuni ya nje. Taarifa nayo ibaki pembeni. Ikilala saa moja hakuna anayepoteza pesa.

Mpangilio wa kazi una uzito kuliko unavyoonekana. Anzeni na ufunguo wa marudio na hali ya haijulikani ndani ya Malipo. Kisha jedwali la jumbe zilizopokelewa kwa Ghala na Taarifa. Sanduku la kutoka lije baada ya hayo, kwa sababu litaongeza marudio, na lisiwakute wapokeaji wasiojiandaa. Mratibu wa saga afuate mwishoni. Kila hatua ijaribiwe kwa kuua mchakato makusudi katikati ya kazi: baada ya COMMIT, kabla ya uthibitisho wa broka, baada ya pesa kukatwa kabla ya jibu kuandikwa. Jaribio lisiloua mchakato halijagusa kitu tulichozungumza hapa.

Oda zilizokwisha kupotea msizirekebishe kwa mkono moja moja. Andikeni swali linalolinganisha malipo yaliyofaulu na bidhaa zilizotengwa, na kwa kila malipo yasiyo na mwenzake ingizeni mstari kwenye sanduku la kutoka la Malipo, tarishi aupeleke kwa njia ya kawaida. Kitambulisho chake kitokane na namba ya malipo, ili hata mkiliendesha swali hilo mara mbili kwa bahati mbaya Ghala ipokee mara moja tu. Swali hilohilo liacheni liendeshwe kila saa, daima, likitazama malipo yaliyozidi dakika kumi. Jibu lake linatakiwa kuwa sifuri, na siku likiwa moja mtajua kabla ya mteja kupiga simu.